Nyumba kwa Jina la Mayasa

Magoti ya Bi Mayasa yalikuwa yamezikataa ngazi. Lifti ya jengo lao la mtaa wa Joubert Park ilikufa tangu baridi ya mwaka juzi, na wao wanakaa ghorofa ya saba. Akitoka sokoni hupumzika ya tatu, hupumzika tena ya tano, mfuko wa viazi kautua kando yake kama mtoto aliyesusa. Mzee Mwadini, mumewe, husikia pumzi yake kabla ya hatua zake, na roho humuuma.

Basi akatafuta mpaka akapata fleti ya kupanga mtaa wa Berea, ya chini kabisa, mlango wake unafungukia uani. Wakaenda kwa dalali, binti aitwaye Suzan, mama yake Mchaga, baba yake Mzulu. Suzan akaingiza namba ya kitambulisho cha mzee kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Eish, babu. Huna alama za mkopo."

"Sina deni hata la chumvi," Mwadini akasema, kifua mbele. "Tangu niingie nchi hii na cherehani yangu."

"Ndiyo taabu yenyewe. Hujawahi kukopa, kwa hiyo hakuna anayejua kama ukikopa unalipa. Mwenye jengo anataka kuona umezoea kulipa kwa wakati."

Mzee akanywea. Riba aliikimbia tangu ujana wake Tanga, akidhani huo ndio uaminifu wote. Akayatazama magoti ya mkewe.

"Basi nyumba tumeikosa."

Bi Mayasa akajikohoza. "Hebu jaribu namba yangu, mwanangu."

"Yako ina nini, mama Yasini?" Mwadini akamuuliza mkewe.

Suzan akaandika, kisha akawageuzia kompyuta. Alama za Bi Mayasa zilikuwa juu, kwenye rangi ya kijani.

"Nina akaunti kwenye duka la nguo," Bi Mayasa akasema taratibu, kama anayemenya ndizi. "Unalipa kwa miezi sita bila riba, nilimuuliza mpaka shehe. Nachukua kidogo hata wakiniruhusu kingi, na nalipa kabla ya tarehe. Viatu vya mwanetu Yasini enzi zile za shule, mashuka, na hiyo sweta uliyoivaa."

Mwadini akaishika sweta kifuani. "Uliniambia ya mtumba, ya kule Newtown."

"Ningekwambia ya mkopo, ungeivaa?"

Mzee alitaka kununa, ikamshinda. "Nisingeivaa. Ningekufa kwa baridi, na ungenililia."

"Nawe ufungue akaunti, babu," Suzan akasema akicheka. "Moja tu, usiende kuomba maduka matano wiki moja, wataona una shida. Chukua kitu kidogo, ulipe kila mwezi. Alama zitakuja zenyewe."

Halafu akasogeza mkataba mbele ya Bi Mayasa. Mwadini akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akamvisha mkewe.

"Soma polepole, mwenye nyumba. Pakiwa pameandikwa kwamba unaweza kunifukuza, usiniambie."

"Hapana neno hilo," akasema Bi Mayasa, kalamu mkononi. "Ila mapazia nachagua mimi."