Arki ya Vanila

"Hon" ilikuwa imekwisha kukaa vizuri juu ya keki, buluu juu ya nyeupe. Mkono ukafika kwenye g. Mkia wa g ulitakiwa ushuke, uzunguke na upande kwa pumzi moja. Ulishuka ukitetemeka kama mstari wa mtoto wa chekechea, ukagonga ukingo, ukaacha donge.

Mwandiko alichukua kisu bapa akaikwangua. Ilikuwa mara ya tatu. Krimu nyeupe ya chini ilishaanza kupata doa la buluu.

"Huyo mwalimu atastaafu hongera yake haijafika," alisema jamaa wa tanuri, akipita na trei ya mikate begani.

"Pita na mikate yako, isije ikaungua kama ya jana."

"Ya jana haikuungua, ilipata rangi." Akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wa Mwandiko, na kicheko kikaisha mapema.

Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na moja, kuandika juu ya keki, na kwa ajili hiyo pale kazini waliita Mwandiko tu, jina lake la nyumbani likawa limesahaulika. Siri yake ilikuwa moja. Kila neno aliliandika kwa pumzi moja iliyoshikwa. Unavuta hewa, unaibana, unaminya mfuko wa krimu, na huitoi hewa mpaka neno liishe. Zamani alikuwa na pumzi ya "Heri ya siku ya kuzaliwa" nzima. Siku hizi pumzi ilimtosha herufi tatu, kisha moyo unaanza kumgonga kooni kama mgeni mwenye haraka.

Hakuwa amekaa bure kusubiri kufa. Alikwenda zahanati ya mtaani, wakamwambia ni mawazo, wakampa vidonge vya usingizi. Usingizi haukuja. Alikuwa anakula sahani mbili na kumalizia za watoto, na bado sketi ilimteleza kiunoni, hivyo alikunywa dawa za minyoo. Minyoo haikutoka, labda kwa sababu haikuwepo. Wakati huohuo kila aliyekutana naye alimsifu. "Umependeza! Umepungua! Tuambie siri!" Wanawake wenzake walimwonea wivu ugonjwa wake bila kujua kuwa ni ugonjwa. Naye alijibu, "Kazi tu, jamani," huku jasho likimtiririka mgongoni.

Na joto! Duka zima la mikate lilikuwa na joto, lakini wenzake walilibeba. Yeye alihisi kama amevaa tanuri. Mara tano, sita kwa siku aliingia chumba cha baridi, mahali zinapokaa siagi, krimu na chupa za arki ya kutia ladha, akafunga mlango na kusimama humo akiegemeza paji la uso kwenye ndoo ya krimu mpaka apate nafuu.

Aliikwangua g kwa mara ya nne pale tajiri alipomwita ofisini.

Tajiri alikuwa mwanamke mzima, mwenye duka na matanuri yote mawili, asiyependa maneno marefu. Juu ya meza yake ilisimama chupa ya arki ya vanila, tupu.

"Hii nilikuwa naifungua, inakaa mwezi," alisema. "Sasa haimalizi wiki. Arki ina kileo, unajua."

"Najua."

"Unajifungia chumba cha baridi. Unatoka macho yamekutoka, mikono inatetemeka. Juzi umemfokea mteja. Mimi si mtoto, Mwandiko."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, alitamani kucheka. "Unasema nakunywa vanila?"

"Sisemi mimi. Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na mtu anayekutakia mema." Tajiri aliisogeza chupa pembeni. "Nenda nyumbani. Kama unaumwa, Jumamosi uniletee karatasi ya daktari inayosema unaumwa nini. Usipoleta, kiti chako nampa wifi yako. Amekwisha jifunza vya kutosha."

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni na kilemba chake cheupe, mikono imefungwa kifuani. Alikuwa dada mdogo wa mume wake. Mwandiko mwenyewe ndiye aliyemleta pale, miaka miwili nyuma, akamfundisha kushika mfuko, kubana pumzi, kuanza neno katikati ili lisiegemee upande. Wifi alimshika mkono, akamsindikiza mpaka nje.

"Pole, wifi yangu. Wewe nenda kapumzike. Mimi nitakushikia kiti."

"Ni nani kasema maneno hayo?"

"Watu, wifi. Watu wana midomo."

*

Hospitali kubwa alifika asubuhi sana na bado akakuta watu arobaini mbele yake. Daktari alikuwa msichana mwembamba, umri wa kuweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Kabla hajauliza lolote, alimtazama tu.

"Humu ndani kuna baridi," alisema. "Mimi nimevaa sweta. Wewe mbona unatoka jasho?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo kama swali. Wote waliliuliza kama lawama.

Daktari alimwambia anyooshe mikono, vidole wazi, akamwekea karatasi juu yake. Karatasi ikatetemeka kama jani. Akamhesabia mapigo ya moyo: mia moja thelathini na mbili, naye amekaa. Akampa kikombe cha maji, akamwambia ameze taratibu, huku vidole vyake viwili vimegusa shingo kwa wepesi.

"Mama, umewahi kuambiwa habari ya tezi ya shingo?"

"Nimeambiwa mawazo. Nimeambiwa minyoo. Kazini nimeambiwa nakunywa vanila."

Daktari hakucheka. Alimwandikia kipimo cha damu.

Majibu yalitoka Ijumaa. Tezi ya shingo ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. "Ni kama tanuri ambalo limekwama kwenye moto mkali," daktari alimweleza, baada ya kuuliza kazi yake. "Kila kitu mwilini kinakwenda mbio: moyo, tumbo, jasho, hasira. Ndiyo maana unakula na hunenepi. Dawa hii itapunguza moto, lakini itachukua wiki kadhaa. Hii ndogo itatuliza moyo na mikono, utaona tofauti mapema. Na utarudi kupimwa damu, usiache. Hii si dawa ya siku tatu."

"Naomba uniandikie," Mwandiko alisema.

"Dawa nimekwisha kukuandikia."

"Sisemi dawa. Uandike kwamba silewi."

Daktari aliinua kalamu, akamtazama kidogo, kisha akaandika mistari minne na kugonga mhuri kwa nguvu, kama mtu aliyekasirika kwa niaba ya mwingine.

*

Hakwenda nyumbani. Furaha ina tabia hiyo, inatafuta wa kuambiwa kwanza, naye akamchagua wifi. Alipita njia ya mkato nyuma ya ghala, karatasi imekunjwa ndani ya sidiria, akipanga atakavyosema. "Wifi, nina tezi!" Watu wangesikia wangedhani ameshinda bahati nasibu.

Mlango wa wifi ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Harufu ilimpokea kabla ya mtu. Mezani kulikuwa na keki nne, moja bado ina mvuke. Karibu na bakuli la kukorogea zilisimama chupa tatu za arki ya vanila. Lebo zake zilikuwa zilezile za dukani, na kwenye kila kizibo kulikuwa na alama ya rangi nyekundu aliyoitia tajiri kwa mkono wake.

Wifi aligeuka na mwiko mkononi.

"Nimepewa jibu," Mwandiko alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, hata yeye akaishangaa. "Nina ugonjwa wa tezi."

"Alhamdulillahi. Yaani, pole. Yaani..." Wifi aliweka mwiko chini. "Kaa, wifi. Nikueleze."

"Nieleze nimesimama."

"Nilianza na kidogo. Kichupa cha dawa ya kikohozi, nikijaza. Oda za keki za hapa nyumbani zikazidi, nikaanza kubeba chupa nzima. Tajiri akaanza kuuliza. Mimi nifanye nini? Wewe tayari ulikuwa unatetemeka, kila mtu anaona. Ulikuwa unaingia chumba cha baridi. Maneno yalikuwa yamekwisha jipika yenyewe, mimi nimepakua tu."

"Umenipakulia mimi."

"Nilijua utapona!" Wifi alisema kwa haraka, na ilionekana kweli alikuwa anaamini. "Wewe ni fundi, watakurudisha. Mtu akiumwa anatibiwa, yamekwisha. Mimi wizi nitautibu wapi?"

"Hukusema naumwa. Ulisema nalewa."

Wifi alishika ukingo wa meza. "Si mimi peke yangu niliyeamini. Hata kaka."

"Kaka yako kafanya nini?"

"Nilimwambia akuangalie. Alikuwa anakunusa, wifi. Kila jioni. Hakusikia kitu, akasema labda unasukutua mdomo kabla hujafika."

Hapo ndipo Mwandiko alipovuta kigoda. Akakaa, ingawa alisema hatakaa. Kwa mwezi mzima na zaidi mume wake alikuwa akimpokea mlangoni. Mtu ambaye kwa miaka kumi na sita alisalimia bila kuinua macho kwenye kiatu anachoshona, ghafla anainuka, anamfuata, anausogeza uso karibu na wake, anakaa hapo nukta mbili tatu. Mwandiko alikuwa ameona haya kama msichana. Alikuwa ameanza kujipaka mafuta mazuri kabla ya kutoka kazini. Alikuwa amejiambia kwamba mwili ukiharibika, angalau nyumba imepona.

"Usimwambie tajiri," wifi alikuwa anasema. "Nakuomba. Wanao ni wanangu, mimi ndiye shangazi yao. Tukifukuzwa, aibu ni ya nyumba moja."

Mwandiko aliinuka. Alizitazama zile keki nne. Moja ilikuwa imeandikwa "Karibu mtoto", na neno lilianzia katikati, halikuegemea upande wowote. Mkono mzuri, alijikuta akiwaza. Akatoka.

*

Mume wake aliinuka kutoka kwenye kigoda, akaacha kiatu na sindano ikining'inia, akaja mlangoni. Uso ukasogea.

Mwandiko alimshika kidevu, kwa nguvu, kama anavyomshika mtoto asiyetaka kunawishwa.

"Nusa vizuri," alisema. Akafungua mdomo wazi, akampulizia. "Haaa! Umesikia? Au nirudie?"

Mwanaume alinywea.

"Nani kakwambia?"

"Hilo ndilo unalouliza?" Alimwachia. "Miaka kumi na sita. Ungeniuliza tu. 'Mke wangu, unakunywa?' Maneno matatu. Kiatu cha mteja unakiuliza kimechanika wapi."

"Niliogopa jibu."

"Pua yako haikuogopa."

Alimwonyesha karatasi. Mume aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, midomo ikitembea. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ugonjwa huo unaua. Mwandiko alimwambia usipotibiwa unaweza kuharibu moyo. Alimwambia dawa zimo ndani ya mkoba, na chakula cha leo atapika yeye. Kisha akaenda kuoga kwa maji baridi, ndoo mbili nzima, na mle bafuni ndimo alimolia. Hakukaa sana. Watoto walikuwa wanasubiri zamu.

*

Jumamosi ndiyo siku ya keki. Duka lilikuwa limejaa maboksi, na jamaa wa tanuri alikuwa anaimba vibaya. Alipomwona Mwandiko aliacha kuimba.

Wifi alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuandikia, keki kubwa mbele yake, mfuko wa krimu mkononi. Alikuwa ameandika "Hongera" na yuko mwanzoni mwa neno la pili. Hakuinua kichwa.

Tajiri aliisoma karatasi palepale, katikati ya watu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Alipofika kwenye mhuri aliugusa kwa kidole, kama anayepima kama umekauka.

"Kumbe hunywi."

"Sinywi. Sijawahi."

"Nimekukosea."

"Umenikosea."

Tajiri alikunja karatasi, akairudisha kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa kusema hivyo mara mbili. Lakini pia hakuwa mtu wa kuacha hesabu wazi, na uso wake ulikuwa umekwisha kwenda mahali pengine.

"Basi arki yangu inakwenda wapi?"

Mashine ya kukorogea ilikuwa inanguruma, mtu akaizima. Mwandiko alikwenda kwenye beseni. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, kila kidole peke yake, akaikausha. Ilikuwa bado inatetemeka, kidogo kuliko jana. Akachukua aproni yake kwenye msumari, akaifunga. Kamba, zilizokuwa zikimzunguka mara moja, sasa zilizunguka mara mbili.

"Wewe chumba cha baridi huwa unaingia," tajiri alisema. "Lazima umeona."

"Umetaka jibu langu, nimekuletea limegongwa mhuri," Mwandiko alisema. "Jibu la mwingine silibebi."

Hakumtazama mtu. Lakini jamaa wa tanuri aligeuza kichwa, kisha msichana wa mauzo, kisha tajiri mwenyewe, polepole, akivua miwani.

Wifi alikuwa bado ameinama juu ya keki, pumzi ameibana. Mkono wake ulikuwa umekaza mfuko na umesahau kuulegeza, na krimu ya buluu ilikuwa inatoka mahali pamoja, ikijirundika, ikifunika herufi moja baada ya nyingine, na bado hakuitoa ile pumzi.