Saa Tatu za Mwisho za Mama

Mama alipougua, binti yake mkubwa, mhandisi wa programu za mitambo midogo, alimwekea kinasa sauti kando ya kitanda. Alipofariki zikabaki saa kumi na mbili za sauti yake: anasimulia, anatania, anamgombeza nesi. Binti hakuwa na moyo wa kuzisikiliza zote. Alizitia kwenye kijisanduku chenye spika na kitufe kimoja. Ukibonyeza, chipu inachagua sekunde yoyote kwa kubahatisha, na mama anasema kutoka hapo kwa dakika moja.

Baba alikipenda mno. Lakini mwaka ulipopita alianza kulalamika kwamba kuna maneno mama alimwambia karibu na mwisho, na hayaji ng'o. Binti akadhani ni uzee. Alipojitolea kuyatafuta moja kwa moja kwenye rekodi, baba alikataa.

"Mama yako hakuwa mtu wa kuitwa akaja," alisema. "Aje mwenyewe. Ila naona kama umemfungia mlango."

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake kazini akaijaribu programu ya kijisanduku kwenye kompyuta: ilifika kila mahali. Akaijaribu kwenye chipu yenyewe, na namba za sekunde zikagota kwenye 32,767, hazikuvuka. Amri ya kubahatisha ya lugha ya programu ya C kwenye chipu ile ndogo ina ukomo huo, ilhali ya kompyuta yake huenda mpaka mabilioni. Yeye alizichukulia kuwa sawa. Na sekunde za mama zilipita elfu arobaini. Saa tatu za mwisho hazikuwahi kuguswa. Machozi yakamlengalenga mbele ya wenzake.

Akaunganisha namba mbili za kubahatisha zikawa moja kubwa, akakirudisha kijisanduku nyumbani. Mara ya kwanza mama aliuliza, kwa sauti iliyokwisha nguvu, kama mvua imekatika. Baba akamjibu kwamba bado. Siku zilizofuata kilikuja kikohozi, mara kijiko kikigonga kikombe.

Jioni moja binti alimkuta baba ameketi, kijisanduku mapajani, macho mekundu, uso umetulia.

"Amekuja?"

"Amekuja."

"Amesema nini?"

Baba alimtazama kwa huruma. "Hayo ni yangu, mwanangu. Ya kwako bonyeza mwenyewe."

Rekodi nzima alikuwa nayo kwenye kompyuta, angeweza kuifungua. Badala yake alivuta kiti, akabonyeza. Mama akawa anamweleza mtu namna ya kukunja shuka. Akasikiliza mpaka mwisho, akabonyeza tena.