Moshi wa Kianguru

Mwaka wa hamsini na nane kijiji cha Kianguru, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Embu mjini, kilikuwa na nyumba mia mbili na kumi na mbili, zote za duara, zimepangwa mistari kama maharagwe. Kilikuwa na lango moja, handaki lenye vijiti vilivyochongwa, mnara wa mahomgadi, walinzi wa serikali, na kanisa la nyasi. Soko hakikuwa nalo. Wakazi walikuwa mia tisa hivi, wanawake mara sita ya wanaume, kwa kuwa wanaume walikuwa kizuizini, msituni wakipigana na serikali, au kaburini, na waliobaki walikuwa ama wazee ama na bunduki za serikali. Watu walitoka saa mbili asubuhi na kurudi kabla ya saa kumi. Aliyechelewa alijua mwenyewe.

Moshi wa Kianguru haukupanda juu. Ulitoka mlangoni, ukapita langoni bila pasi ya kutoka, ukavuka handaki na mto, ukapanda mgongo wa pili, kila moshi ukienda kwao, kwenye boma lililochomwa siku ya kuhamishwa. Ulipofika kwenye mafiga ya zamani ndipo uliposimama na kupanda kama moshi mwingine wowote. Kina mama hawakuona cha kushangaza. Mafiga yale kila mmoja aliwekewa na mama mkwe siku alipoolewa, na serikali ilipowahamisha iliwapa nusu saa tu. Nani angebeba mawe? Sasa walipikia mawe ya mtoni, na moshi si mjinga.

Mwanzoni askari waliukimbilia wakidhani ni watu wa msituni wanapika. Walikuta jivu baridi la miaka na moshi ukitoka humo humo. Wakaandika ripoti, wakazoea.

Teresia, mke wa Kivuti, naye aliuzoea mpaka upimaji wa mashamba ulipoanza. Kivuti alikuwa na ekari nne ng'ambo ya mto, na alikuwa kizuizini mwaka wa tano. Hedimani Njoka, mkuu wa kijiji, ambaye ndiye aliyetoa pasi na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi, alisema shamba lile halina mwenyewe, na kwa vile limepakana na lake, heri yaunganishwe. Eti halina mwenyewe! Teresia hakulala. Likienda hilo, Kivuti angerudi kwenye nini, na Ndambiri na wadogo zake wawili wangelima wapi?

Akamwendea Nyaga, karani wa kupima, kijana wa viatu vinavyong'aa.

"Karani, wewe umesoma. Jumapili saa nne nitapika githeri. Simama ng'ambo na mnyororo wako wa kupimia. Moshi utakapopanda, hapo ndipo mlango wangu ulipokuwa."

"Nitaujuaje kama ni wako, mama?"

"Wenzangu watazima."

Na kweli walizima. Jumapili ile nyumba mia mbili na kumi na moja zilishinda njaa, watoto wakilia, mpaka Nyaga alipomaliza kupima. Moshi mmoja tu ulipanda ng'ambo, katikati ya zile ekari nne barabara. Kamati nzima iliuona.

"Huo ni wa Teresia," Njoka akasema. "Hata mtoto anaujua."

Nyaga akafungua daftari. "Basi mwenye shamba aje atie kidole."

"Yuko kizuizini," akasema Teresia. "Si mnajua?"

"Najua, mama. Lakini fomu inataka kidole, na moshi hauna. Pole sana."

Alikuwa amesikitika kwa dhati, yule kijana. Akaandika jina la Njoka kwa mwandiko mzuri. Teresia alilia njia nzima, akalia akikoroga uji, na moshi ukaenda zake ng'ambo kama kawaida.

Mwaka uliofuata Njoka akajenga pale pale nyumba ya mabati. Kila jioni moshi wa Teresia ulitoka sakafuni mwa sebule yake. Njoka hakugomba. Alikuja mwenyewe kwa Teresia, akavua kofia mlangoni.

"Mama Ndambiri, habari ya jioni. Kuni zako ni mbichi. Macho ya bibi yangu yanawasha."

"Kavu ziko ng'ambo, na pasi ulininyima."

"Si nakupa sasa?"

Akaiandika juu ya goti lake: mama huyu anaruhusiwa kila Alhamisi kuingia shamba la Njoka, kuokota kuni kavu, na kuondoka kabla ya saa kumi.

Alhamisi Teresia akavuka mto. Muringa ambao Kivuti aliupanda mwaka Ndambiri alipozaliwa ulikuwa umeangusha matawi mengi. Akaokota, akafunga mzigo, akapiga hodi, kwa kuwa pasi ilitaka mwenye shamba athibitishe kwamba mgeni ametoka. Njoka akatia sahihi, akatazama saa yake.

"Una dakika arobaini, mama. Usije ukachelewa."

Kuni zilikuwa kavu kweli. Jioni ile moshi ulitoka mwembamba, wala mke wa Njoka hakupangusa macho hata mara moja.