Ritifaa ya Shangazi

Fomu ya mtandaoni ya kuombea upasuaji wa macho ilipaswa kufunguliwa kwa umma saa nane mchana, na hadi saa nne asubuhi haikuwa imejaribiwa. Katika ukumbi wa hospitali, meneja alimwendea binti mjaribu fomu, aliyekuwa akipuliza chai yake.

"Jaribu umri, na jina likiachwa tupu. Mengine ni mbwembwe."

"Na ritifaa, bosi? Kuna watu majina yao yana ng'."

"Wangapi hao? Muda hatuna, dada."

Mjaribu akaandika umri wa miaka mia tatu. Fomu ikakubali, na mzee wa miaka mia tatu akaingia mlangoni, akajipangusa vumbi, akauliza choo kiko wapi. Akaandika hasi tatu. Ikakubali; akaingia mtoto ambaye angezaliwa miaka mitatu baadaye, akicheka kwa kwikwi hata mlinzi naye akaangua kicheko. Mwisho akaacha jina tupu. Akaingia bwana nadhifu aliyeitikia kila alichosikia kana kwamba ni jina lake; hata mtu akiagiza chai, yeye husema, "Naam!"

Meneja akawapa viti. "Fomu inakubali watu," alisema kwa fahari. "Ndiyo kazi yake."

Shangazi wa mjaribu alikuwa ameketi hapo tangu asubuhi, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Aliitwa Mng'oa. Binti wa kaka yake akaliandika jina hilo, na skrini ikawa nyekundu.

"Ondoa hicho kidoti, mama, utapita," meneja alishauri.

"Nikiondoa ritifaa nabaki Mngoa. Baba alinipa jina la kung'oa visiki, si la kulia ngoa! Uzee huu nianze wivu kwa ajili ya kompyuta?"

Mzee wa miaka mia tatu akacheka hadi meno yakamdondoka. Mtoto, ambaye hakuwa nayo, akayaazima.

"Basi acha tupu," meneja akashauri tena.

"Niende tupu kwa daktari? Mtoto asiye na haya wewe!"

"Shangazi, nitairekebisha," mjaribu alisema.

"Kwenye toleo lijalo la fomu," meneja alisema.

Saa nane fomu ilifunguliwa. Wale watatu walipasuliwa macho siku hiyohiyo, wakarudi wakicheza ukumbini. Bwana nadhifu akaketi karibu na shangazi, macho yaking'aa.

"Nisomee, mwanangu," shangazi alimwambia mjaribu. "Kompyuta inasemaje?"

"Tafadhali ingiza jina sahihi."

Shangazi akajiweka sawa kitini, akaielekea skrini asiyoiona.

"Mng'oa," alisema.

"Naam!" akaitikia bwana asiye na jina.