Sahani Sita za Ndege

Jumamosi moja mwishoni mwa mwaka 1946, Gershom, karani wa bandarini, alirudi nyumbani Chaani na sahani sita za kaure zilizofungwa kwa magazeti. Katikati ya kila sahani palichorwa ndege wa buluu. Mkewe Kadzo, Mama Kache, hakuziomba. Yeye alitosheka na sinia lao la bati, ambalo wageni walilizunguka wakala pamoja.

"Mama Kache, mtu wa ofisini humpa mgeni sahani yake," alisema Gershom. "Kula kwenye sinia moja ni mambo ya shamba."

Kesho yake, baada ya ibada, alimwalika Odhiambo, kuli wa bandarini. Odhiambo alipoanza kueleza mgomo uliokuwa ukipangwa, ndege wa sahani yake alitoa kichwa kwenye mchuzi, akakiinamisha kusikiliza. Odhiambo alimsogezea wali kidogo, akaendelea.

Asubuhi, Kadzo akiosha vyombo, ndege yule aliyarudia maneno yote, hata kikohozi. Gershom alikuwa mezani akiandika. Jumanne Odhiambo alikamatwa.

Tangu hapo Kadzo alizishuku sahani. Alizisugua kwa majivu moja moja, na ndege wakamtazama tu. Nduguye Kitsao, naye kuli, alipotuma salamu kwamba anakuja, Kadzo alizifungia sandukuni, akatandika mkeka, akaleta sinia. Moyo ukamtulia.

Kitsao alikula akashiba, akasema yote ya mgomo, pamoja na majina ya wenzake.

"Hapa ni nyumbani, shemeji," alisema. Gershom akamsogezea mnofu.

Asubuhi sandukuni kulikuwa kimya. Gershom alikaa mezani akajaza karatasi mbili, akazikunja mfukoni, akaenda nazo ofisini. Alhamisi Kitsao alikamatwa.

Kadzo alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akazitoa sahani, akawa hampakulii mgeni kwa chombo kingine. Ndege angalau aligeuza kichwa waziwazi, na mgeni akamwona. Habari zilienea Chaani, na wageni wakawa wanazungumza mvua na kuku.

Gershom alivumilia Jumapili tatu. Ya nne alikuja Mutua, fundi wa reli.

"Mama Kache," aliita Gershom kwa upole.

"Abee."

"Leo toa sinia. Tule kama ndugu."

Sahani zilibaki kabatini. Kadzo alipakua wali, macho kwenye karatasi tupu za mezani, na Mutua akanawa.