Tangi la Bwana Samaki

Mtu asinitajie neno utafiti. Utafiti niliukaanga kwa mikono yangu hii, nikaupakua na limau.

Mimi ni Namalwa, muuza samaki pale stesheni ya Nakuru. Mume wangu Micah alikuwa akivua Naivasha kwa wavu. Mwaka huo wa hamsini na saba, wazungu wa klabu, wale wanaovua kwa fimbo wakijifurahisha, walianza kulia kwamba nyavu zinamaliza ziwa. Zipigwe marufuku! Bwana Samaki, ofisa wa serikali, akasema ngojeni kwanza tupime. Akajenga tangi la simiti nyuma ya nyumba yake Milimani, akalitia samaki, akasema hiyo ni Naivasha ndogo. Mwezi huu anavua kwa ndoano, mwezi ujao kwa wavu, aone ni njia gani inawaacha samaki wakizaana. Wavu ukishindwa, sisi tufunge jiko.

Siku ya kamati kuja kuamua, memsahib, mkewe, aliniita niwapikie wageni. Tejinder, karani wa Bwana Samaki, alinipokea akicheka.

"Mama, nenda kaone! Wavu umepita humo na tangi bado limejaa. Micah amepona."

Nikaenda, nikaona maji yanachezacheza kwa samaki. Haki ya Mungu, nilipiga kigelegele hapo hapo katikati ya maua ya watu.

Mara memsahib akaja mbio. Mbwa wake ameiba mguu wa kondoo wa wageni!

"Wewe Namalwa, toa samaki hii. Pika yote, upesi!"

"Memsahib, hawa ni hesabu ya bwana."

"Samaki ni samaki. Upesi!"

Bwana alikuwa ameenda kuwapokea wageni. Nikamtazama Tejinder, naye akatazama viatu vyake. "Mimi ni karani tu, mama," akasema. Ningefanya nini? Nikachukua wavu uliokuwa hapo kando, nikawatoa, nikakaanga.

Wacha wee, kamati ilikula! Mwenyekiti, naye ni wa klabu ile ile ya fimbo, aliongeza na kuongeza, akalamba vidole. Kisha wakajifuta midomo, wakatoka kukagua Naivasha ndogo. Wakakuta maji matupu.

"Nyavu," akasema mwenyekiti. "Si niliwaambia?"

Nilishindwa kunyamaza. "Wazee, samaki mnao tumboni! Si mmewala sasa hivi?"

Bwana Samaki akawa mwekundu. Nikafurahi, nikajua mwenye hesabu zake atazitetea. Lakini mwenyekiti ndiye aliyeniuliza, kwa upole kabisa:

"Nani aliwatoa majini?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa wavu wa bwana."

Akawageukia wenzake. "Mwafrika mmoja, wavu mmoja, asubuhi moja. Mnataka ushahidi gani tena?"

Wakapiga makofi. Bwana Samaki naye akapiga.

Ndiyo hiyo, kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Wavu wa Micah ulichukuliwa wiki hiyo hiyo. Sasa umetandazwa juu ya lile tangi, kuwalinda samaki wapya.

Juzi memsahib aliniita tena nikapike. Nilienda, kwa maana jikoni kwangu hakuna samaki.