Ukoko wa Mzee Luhaga

Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Ugali haukumegwa, na samaki sato alikuwa ameganda ndani ya mchuzi wake. Odeta aliiinua kutoka kwenye kigoda kilichokuwa mlangoni kwa baba mkwe wake, akasimama nayo huku nyayo zikimwaka moto. Tangu asubuhi alikuwa ameinamia karai la mafuta pale senta ya Mkolani, akikaanga samaki wa kuuza. Kisha akaja nyumbani mbio kumpikia mtu asiyekula. Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Aliyesema hivyo hakuwahi kumuuliza ng'ombe mwenyewe.

Kumuuliza mzee kwamba baba, unataka kula nini, lilikuwa jambo lisilowezekana. Katika nyumba ile mila ya Kisukuma ilikuwa bado hai, na mke wa mtoto hamtazami baba mkwe akila, wala baba mkwe hazungumzi habari za tumbo lake na mke wa mtoto. Zamani Precious, binti wa Odeta, ndiye aliyekuwa daraja lao. Alipeleka sahani, akaleta majibu: babu anasema chumvi imezidi, babu anasema ahsante. Precious akaenda shule ya bweni. Elias, mume wa Odeta, yuko mgodini Geita na huonekana kwa nadra kama mvua ya kiangazi. Wakabaki wawili tu, mzee chumbani na Odeta jikoni, na heshima katikati yao kama ukuta. Odeta huweka chakula kwenye kigoda, hukohoa, huondoka. Akirudi, anakikuta.

Mzee Luhaga aliletwa kutoka Magu baada ya kufiwa na mkewe. Alikuja mnene wa wastani, sasa shati lilikuwa linamning'inia mabegani. Majirani wana macho, na macho ya majirani yana midomo. Habari zikafika Igoma kwa Hellen, dada yake Elias, naye akapiga simu.

"Wifi, nasikia baba amebaki mifupa. Jumapili nakuja. Nikikuta ni kweli, namchukua, na wazee wa ukoo watakuja kukuuliza wewe."

Odeta alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi. Sehemu moja ya moyo wake ilisema wamchukue, nipumzike. Lakini alijua maana yake. Mzee angekwenda kulala chini ya paa la mume wa binti yake, aibu ambayo mwanamume wa umri wake haimezi. Na yeye Odeta angeitwa mwanamke aliyemshindisha njaa baba mkwe. Jina kama hilo halina sabuni.

Kesho yake alimpikia wali. Ukarudi. Akapika kuku wa kienyeji. Akarudi, kasoro paja moja lililoguswa kidogo tu, kwa adabu.

Siku hiyo ya kuku alichoka hata akasahau kulowanisha sufuria la ugali. Kwa kawaida, akishapakua tu humwaga maji humo ili ukoko ulainike, apate kuusugua bila kuumia vidole. Alipotoka sokoni jioni alikuta sufuria liko pale pale, kavu, jeupe, halina hata punje. Alidhani ni kuku wa jirani. Lakini kuku hawarudishi kijiko mahali pake.

Siku iliyofuata aliacha sufuria vile vile kwa makusudi, na akarudi mapema. Hata kabla hajafika mlango wa jikoni alisikia sauti: kwaru, kwaru, kwaru. Akachungulia. Mzee Luhaga, mtu aliyewahi kuamua kesi za mipaka ya mashamba huko kwao, alikuwa amekaa chini, amelibana sufuria kwa magoti, anakwangua. Kila kipande alikichovya kwenye kikombe cha chai ya rangi, maana meno yalikuwa yamebaki machache, kisha anakiweka mdomoni na kufumba macho. Alikuwa na furaha ya mtoto mchunga ndama.

Odeta alirudi kinyumenyume hadi nje ya uzio. Akapiga hodi kwa sauti kubwa, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akangoja mpaka aliposikia mlango wa chumba cha mzee ukifungwa.

"Watu wazima wanarudi walikotoka," Shamsia, muuza dagaa aliyekuwa akikaa naye meza moja pale senta, alimwambia aliposimuliwa. "Mimi utotoni nilikula mkaa. Mkaa kabisa, shoga! Na mpaka leo nikipita kwenye gunia la mkaa mate yananijaa."

"Mimi udongo wa ukuta, mvua ikishanyesha," Odeta alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka.

Basi ikawa hivyo. Alipika ugali wa dona, akaacha moto uwe mkali mpaka ukoko uwe mnene na wa kahawia. Sahani nzuri aliipeleka kwenye kigoda kwa ajili ya heshima, ikarudi. Sufuria aliliacha jikoni, birika la chai kando yake, akaondoka. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Mashavu ya mzee yakaanza kujaa kidogo, lakini mashavu hayajazwi kwa siku chache, na Jumapili haikungoja.

Hellen alifika akitoka kanisani. Alimsalimia baba yake, akamtazama mabegani, akatoka amenuna. Aliikuta sahani kamili kwenye kigoda. Akaenda jikoni, akalikuta sufuria lililoanza kukwanguliwa, kikombe cha chai kando yake.

"Wifi! Hiki ndicho baba anachokula? Ukoko? Umeunguza ugali makusudi umpe mzee makombo ya watoto na mbwa?"

Neno moja tu lingemwokoa Odeta. Lakini neno lenyewe lilikuwa aibu ya mzee, na mzee alikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, anasikia kila kitu.

"Nimechoka, wifi," alisema. "Kama ni kumchukua, mchukue."

Hellen aliingia chumbani, akaanza kutia nguo za baba yake kwenye begi. Mzee Luhaga akainuka kitandani. Alipita mbele ya binti yake, akashika ukuta, akashika mlango, akafika jikoni. Alilitwaa sufuria na kikombe cha chai, akatoka navyo hadi katikati ya ua, mbele ya wanawake wawili na jua la mchana, akakaa chini na kuanza kukwangua. Hellen alisimama mlangoni na begi mkononi.

"Mama yako alikuwa ananifichia huu," mzee alimwambia bila kuinua macho. "Miaka yote ya ndoa. Alijua tangu nachunga ng'ombe sikuwahi kupenda chakula kingine hivi. Alipokufa, ningemwambia nani? Ningemwambia mkwe wangu anikwangulie sufuria?"

Hellen aliliweka begi chini.

"Mama Precious," mzee akaita.

Odeta alipiga magoti mbali kidogo, uso pembeni, kama inavyotakiwa.

"Sogea."

Akasogea. Mzee akavunja kipande kikubwa, akakichovya kwenye chai, akamnyooshea mkono. Odeta alikipokea kwa mikono miwili, asijue aangalie wapi, maana tangu aolewe hajawahi kula machoni pa mzee yule. Akatafuna. Kilikuwa kigumu, kichungu upande ulioungua, na chai haikuwa na sukari.

"Uliniona siku ile, ukarudi nje ukapiga hodi," mzee alisema. "Nilikuona miguu. Sasa sikiliza. Yale ya kwenye sahani acha. Wali, kuku, sijui samaki wa kuchemsha, unanipikia nini vyote hivyo? Unatoka kwenye moto unakuja kwenye moto. Umechoka, mwanangu."

Miaka yote katika ukoo ule hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Odeta alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, mbele ya baba mkwe wake, akalia huku ukoko ungali mdomoni.